Programu za kuhariri picha: sisi tusiofanya biashara tumekosa nini?

Wakuu, nimeudhika na leo nasema.

Mimi nipo Jinja, Uganda. Picha hazinilishi. Jumapili nikitoka kanisani nachukua kamera naenda mtoni kupiga minandi na wavuvi, basi.

Zamani mtu kama mimi alikuwa na pa kushika. Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha ya mwaka 2015, iliuzwa dola 149. Unalipa mara moja, hata usipoigusa miezi mitatu hakuna anayekudai. Mwaka 2017 Adobe wakatangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho ya kununua mara moja, wote tukahamishiwa kwenye kulipa kila mwezi. Haya, angalau kulikuwa na kifurushi cha dola 9.99, Photoshop na Lightroom pamoja. Januari 2025 nacho wakawafungia wateja wapya, kikabaki cha dola 19.99. Ni kama shilingi 70,000 zetu kila mwezi, na mwenyewe umeifungua Jumapili mbili! Miezi minane tu umeshapita bei ya ile iliyokuwa yako kabisa. Msiniambie ninunue Elements, ile Photoshop ndogo ya Adobe, maana toleo la 2025 nalo leseni yake ni ya miaka mitatu, ikiisha unanunua upya.

Lililonipandisha hasira ni la juzi. Kuna programu nyingine, jina naliacha, nailipia kwa kadi ya mtandaoni ninayoijaza kwa pesa ya simu. Salio likapungua kidogo, malipo yakakataliwa. Jumamosi usiku nafungua picha za kipaimara cha binti wa dada yangu: vitufe vyote vya mwanga na rangi vimepauka, havibonyezeki. Kazi yangu ya siku nne naiona kwenye kioo, kuigusa siwezi. Dada anapiga simu, kesho asubuhi anazipeleka kuchapwa. Nimwambie nini?

Programu ya Darktable ninayo, ni ya bure, na walioitengeneza Mungu awabariki. Ila mimi nataka kununua! Affinity, programu nyingine ya picha, niliipenda kwa sababu ilikuwa ya kununua mara moja. Kampuni ya Canva wakaichukua 2024, na tangu Oktoba 2025 wanaitoa bure kwa mwenye akaunti kwao. Kesho wakibadili masharti nitawadai kwa risiti ipi?

Na kila toleo jipya ni gigabaiti juu ya gigabaiti, wakati bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021.

Aliye hapa Uganda na bado ananunua programu ya picha mara moja ikawa yake, aniambie ni ipi na alilipaje.