Git status inasema mafaili yote yamebadilika na sijagusa kitu, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, wanaoijua Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi) nisaidieni. Projekti ilikuwa kwenye laptop ya Windows nikaikopi kwa flashi kwenda Ubuntu, sasa nikipiga git status kila faili linakuja na modified nyekundu, mpaka mapicha jamani. Nikicheki git diff, ukiacha yale machache niliyokuwa nayafanyia kazi, hakuna kodi iliyoguswa, naona tu old mode 100644, new mode 100755 (yaani faili limeongezewa ruhusa ya kurun) basi. Jamaa kaniambia niweke core.fileMode (seting ya Git kufuatilia ruhusa ya kurun) iwe false yaishe, ila kuna skripti moja ya kupandisha kazi kwenye seva lazima ibaki na ruhusa ya kurun, si itanisumbua mbele? Mwingine anasema piga git reset --hard, huyo simsikilizi maana hiyo inafuta mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa kwenye Git, na kuna kazi sijaikomiti humo. Nyie huwa mnafanyaje?