Mgonjwa wa upasuaji anasema hasikii maumivu ila hataki hata kugeuka

nesi_mwanafunzi: Jamani naombeni msaada, nipo wodi ya upasuaji, nikimuuliza mgonjwa maumivu kwenye 0 mpaka 10 ananiambia 2, lakini kukohoa hataki, kukaa hataki. Niandike 2 tu niendelee?

dada_wa_wodi: Usiishie hapo mdogo wangu. Hiyo 2 ni akiwa amelala kimya, muulize tena akiwa anakohoa au anajigeuza, maana asipovuta pumzi vizuri na asipotembea ndo nimonia na damu kuganda miguuni zinapoanzia. Mpe dawa kabla ya kumwamsha kitandani, mwonyeshe kukumbatia mto kwenye kidonda akikohoa, halafu RUDI umuulize tena, kama ni sindano ya mshipa ndani ya nusu saa, kidonge kama lisaa hivi. Wengi wanatoa dawa wanaandika wanasepa, hilo linaniuma sana.

nesi_mwanafunzi: Asante dada. Na mofini, ile dawa kali ya maumivu? Wenzangu wanaiogopa, wanasema atazoea

kaka_ganzi: Kwa siku chache na dozi sahihi hatari ya uteja ni ndogo, usimwache mtu ateseke kwa hofu hiyo. We angalia upumuaji na usingizi wake, akiwa mzito kuamka au pumzi zimeshuka chini ya 10 kwa dakika usiongeze, ita daktari haraka, naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya mofini) iwe karibu. Parasetamo iende kwa saa zake, mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24. Na maumivu yakipanda ghafla kagua kidonda kwanza, inaweza kuwa anavuja damu