Naomba ushauri: kuunganisha nyimbo za ridimu ya Diwali

Wakuu, naombeni msaada kwenye Diwali, ile ridimu (biti moja inayoimbiwa na wasanii wengi) ya makofi ya prodyuza Lenky Marsden wa Jamaika. Seti yangu ya u-DJ ina "Get Busy" ya Sean Paul, "No Letting Go" ya Wayne Wonder na "Never Leave You" ya Lumidee, zote zikizunguka mapigo 100 kwa dakika.

Kwa kuwa biti ni moja, ungedhani kazi ni kuteleza tu. Wapi! Nyimbo mbili zikilia pamoja na kupishana chembe ya sekunde, makofi yanalia "pa-pa" badala ya "pa". Zikikaribiana zaidi ndiyo balaa: mdundo unakuwa mwembamba kama unatoka ndani ya bomba, kwa sababu mawimbi yanayofanana yanafutana. Kukata besi ya wimbo unaoingia kunaokoa sauti za chini pekee. Makofi bado yanachafuka. Halafu Wayne Wonder anaimba kwa kuvuta, akimwangukia Sean Paul anayechana ni vurugu tupu.

Je, bora kukata ghafla kwenye pigo la kwanza baada ya baa 8 (kila baa ni mapigo manne), au kupitisha biti tupu katikati? Na Lumidee mnamwingiza wapi, maana wimbo wake umeegemea makofi na ngoma?