Makaroni za lozi zinapasuka juu na hazitoi miguu: tatizo ni unyevu au oveni?

Mwokaji wa Kigamboni
Habari zenu, wapishi wenzangu. Ninaomba msaada kuhusu makaroni za Kifaransa, yaani zile biskuti za unga wa lozi na ute wa yai zinazobandikwa mbili mbili kwa krimu, si makaroni ya kuchemsha na kulia mchuzi. Nilipima gramu 100 za ute, 130 za unga wa lozi, 130 za sukari ya unga na 90 za sukari laini. Ute niliupiga ukasimama kiasi kwamba nilipopindua bakuli haukusogea. Hata hivyo, biskuti zilizokaa kwenye trei kwa saa nzima bado zilininata kidoleni, na nilipozioka kwa nyuzi 150 zote zilipasuka juu. Lozi nilizinunua Kariakoo, nikaziloweka ili zimenyeke, kisha nikazisaga siku hiyo hiyo.

Bibi wa Upanga
Pole, mwanangu. Lozi ulizoziloweka zilikunywia maji, nawe ukayasaga pamoja nazo. Biskuti hii inapaswa kukauka juu na kufanya ngozi nyembamba kabla ya kuokwa, ili mvuke ukose njia ya juu, utokee chini, na kuinua ile miguu ya pembeni, yaani ukingo wenye vitundu unaojitokeza chini ya biskuti. Ngozi isipokuwepo, mvuke hupasua popote unapopata upenyo. Baada ya kumenya, zianike lozi usiku kucha, zipitishe kwenye oveni yenye moto mdogo, ziache zipoe kabisa, kisha zisage kidogo kidogo pamoja na ile sukari ya unga, kwa maana lozi ya moto hutoa mafuta ikawa uji. Tena huu ni msimu wa masika, na wewe unaishi karibu na bahari: funga madirisha, washa feni au kiyoyozi, na usiangalie saa bali kidole.

Msomaji wa Sinza
Shikamoo, Bibi. Kuhusu lozi sina ubishi, ila oveni nayo isiachwe. Oveni nyingi za gesi tunazotumia majumbani huwaka kwa chini tu, na namba ya kwenye kitufe haiaminiki. Yangu ilipoandika 150, kipimajoto nilichokiweka ndani kilisoma 175. Weka trei mbili, moja juu ya nyingine, ili chini pasiungue. Unyevu ukizidi, jaribu njia ya Kiitalia, ambapo shira ya sukari iliyofika nyuzi 118 humiminwa taratibu kwenye ute unaoendelea kupigwa. Ina kazi zaidi, lakini povu lake ni imara.

Mwokaji wa Kigamboni
Ahsanteni sana. Nimerudia kwa lozi kavu na trei mbili, bila shira, kwa kuwa sina kipimajoto cha sukari. Chini ya feni zilichukua dakika 50 hadi kidole kikapita bila kunata, na kati ya 24, biskuti 19 zimetoa miguu. Nilizijaza krimu ya siagi yenye pasheni, nikampelekea dada yangu mjini, lakini foleni ya kivuko ilikuwa ndefu na vifuniko vikateleza.

Bibi wa Upanga
Siagi haivumilii jua la pale. Za safari zijaze chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa na krimu kidogo, uzilaze kwenye friji usiku mmoja, kisha uzibebe kwenye kopo lenye barafu pembeni.