Gemu za platinamu ya fasta: nizipe alama kwa kipimo gani?

ChaliiWaPedi (Ngarenaro, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo. Matusi ruksa ila yawe ya kiungwana.

Nina chumba cha gemu huku Ngarenaro. TV tatu, PlayStation mbili za PS4 na moja ya PS5 ambayo mteja haigusi mpaka nimeona mikono yake. Kutwa nzima ni mpira, mechi moja shilingi 500. Nikishafunga usiku ndiyo nacheza ya kwangu, na tangu mwaka jana nimeshikwa na ugonjwa wa makombe, yale ya kwenye skrini ambayo PlayStation inakupa ukitimiza jambo ndani ya gemu; platinamu ndiyo la mwisho, ukishakusanya mengine yote. Siyo yale magumu. Nazungumzia zile gemu za chini ya dola mbili, unabonyeza kitufe kimoja weee, mpaka platinamu inalia ting.

Ilianza kama ajali. Akaunti yangu ni ya Marekani, hela naingiza kwa kadi za vocha. Nikanunua kitu kwenye punguzo, kadi ya dola 10 ikabakiwa na dola 1.40. Hela hiyo huitoi, humkopeshi mtu. Kutafutatafuta cha bei hiyo nikakutana na My Name is Mayo ya mwaka 2016, senti 99. Kwenye skrini kuna chupa ya mayonezi. Unaibonyeza. Mara 10,000. Katikati inakupa vihadithi vya ajabu ajabu, halafu unaendelea kubonyeza. Kidole gumba kilipokufa ganzi nikalaza pedi mapajani, nikawa nagonga kwa vidole viwili kama karani wa mahakama. Dogo mmoja alikuwa amerudi kufuata chaja yake, akasimama nyuma yangu kimya, mwishowe akauliza: "Bro, hii chupa inafunguka saa ngapi?"

Haifunguki, dogo.

Nikaandika uchambuzi kwenye grupu letu la WhatsApp, utani tu, nikaipa 6 kwa 10. Watu wakacheka, wakaanza kuniagiza nyingine. Nimefikisha kumi na moja na sasa nimekwama. Ya wiki iliyopita ni mbuzi anaruka juu anashuka, anaruka anashuka. Hakuna adui, hakuna ukuta, muziki wa sekunde kumi unajirudia mpaka unautamani ukimya. Platinamu dakika nne. Nikaipa 1. Mwanagrupu akanijia juu: "Umesema dakika nne, mimi nimetumia dakika nne. Sasa hiyo 1 ya nini? Hiyo ni 10." Mwingine akasema hata kuiandikia ni kuivisha suti.

Gemu ambayo aliyeitengeneza hakutarajia uicheze, unaipimaje? Kama gemu, au kama duka la makombe?

MkongweWaPS3

Mkuu, mimi niko upande wa matusi ya kiungwana. Makombe nimeanza nayo yalipoingia PS3 mwaka 2008, na mpaka leo nina platinamu 14. Ya Bloodborne, gemu ngumu ya kupigana na mazimwi, peke yake ilinila miezi miwili. Kuna shimo moja kule chini ya makaburi unaingia uhai wako ukiwa umekatwa nusu, na kama unataka platinamu hulikwepi. Nyumbani nilikuwa nasalimiwa kwa kununiwa.

Haya, nikaipata. Pointi 300. Na wewe na chupa yako? 300. Zamani platinamu ilikuwa pointi 180, na ngazi ya mwisho ambayo mchezaji anapanda kwa pointi hizo ni 100. Oktoba 2020 Sony, wenye PlayStation, wakabadilisha hesabu, ngazi zikafika 999, na tangu hapo kila mwenye kidole ni bingwa.

Ila kuna kitu hakijadanganyika bado: ile asilimia chini ya jina la kombe, ya wachezaji waliolipata. Fungua ya mbuzi wako uone. Karibu kila aliyeinunua analo. Nakili asilimia hiyo kwenye uchambuzi wako, weka nukta, kalale.

MamaWawili_Moshi

Kaka wa Ngarenaro, pole na kidole. Mkongwe, wewe subiri kwanza.

Mwanangu ana miaka sita. Platinamu yake ya kwanza ameipata kwenye gemu ya hivyohivyo, ya tunda linaloruka, na usiku ule alikataa kulala mpaka nimpigie bibi yake Machame amsimulie. Kampigie wewe bibi, umwambie hilo kombe halihesabiki.

Mimi alama zenu hazinisaidii kitu. Niambieni inakula bando kiasi gani. Gemu kubwa siku hizi zinapita GB 100, hivi vidogo ni MB tu, kwangu hiyo ndiyo habari. Niambieni pia kama ukilipa mara moja unapewa ya PS4 na ya PS5 zote, maana kila moja ina makombe yake. Kuna wanaokupa zote mbili na kuna wanaokuuzia mojamoja. Mimi nilidhani nimelipia zote, kumbe. Na inahifadhi ulipofikia? Siku moja umeme ulikatika mtoto amebakiza padogo kabisa. Uliporudi tukakuta sifuri. Alilia mpaka jirani akabisha hodi akidhani nimempiga.

Rababendi

Mnajitesa. Tafuta pedi yenye turbo, ile inayorudia mbonyezo yenyewe fastafasta, kandamiza kitufe kwa mpira wa kufungia noti, nenda kale mishikaki. Mimi nimewahi kupata platinamu nikiwa foleni ya chipsi.

MkongweWaPS3

Hapo bingwa ni nani, wewe au mpira wa noti?

ChaliiWaPedi

Mama Wawili, umenipiga pabaya. Gemu kumi na moja, na hakuna hata moja niliyoandika MB. Suala la kuhifadhi sikuwahi kuliwaza kwa sababu mimi nina betri ya akiba hapa. Narudi kuzirekebisha zote.

Mkongwe, asilimia nitaiweka, ila siweki nukta hapo. Nimekaa na hizi alama zangu tangu jana. Ile chupa niliipa 6 kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika vile vihadithi, akajua nitacheka nikifika mbonyezo wa elfu tatu nikiwa nimejichukia. Mbuzi alinikera kwa jambo lingine. Mwezi uliopita nilichambua kuku. Ardhi ileile, muziki uleule, makombe yaleyale, wametoa kuku wakaweka mbuzi na bei wakaipanga upya. Dakika nne sina ugomvi nazo. Nimeuziwa kuku mara mbili. Kwa hiyo 1 ya mbuzi inabaki, na yule jamaa aendelee kununa.

Halafu yule dogo wa chaja kaja jioni hii na 500 yake mkononi. Hataki mpira, anataka chupa. Mechi ina dakika zake, najua pa kumsimamisha. Huyu nimtoze kwa mibonyezo mingapi?