Mrejesho: Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu imewaka

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600, ubao mama wa B450 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR5 vinaendana. Mkanizuia kabla sijalipa, kwa kuwa prosesa na ubao huo vinatumia DDR4 tu, na nawashukuru kwa dhati.

Nimechukua DDR4, GB 16, vipande viwili vya GB 8. Baadaye niliweka kimoja mezani sambamba na DDR5 ya rafiki yangu. Zote zina pini 288, lakini ile pengo ndogo ya katikati haikai mahali pamoja, kwa hiyo DDR5 isingeingia kwenye ubao wangu hata kwa nguvu.

Kilichonitoa jasho ni BIOS, ile programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta. Nilipowasha, feni zilizunguka vizuri ila skrini giza tupu. Ubao ulitoka na BIOS ya zamani, ya kabla ya prosesa za Ryzen 5000 kama yangu, kwa hiyo haikuitambua. Bahati nzuri una kitufe cha kusasisha kwa flashi bila kutegemea prosesa. Nikaformati flashi kwa mfumo wa FAT32, nikaweka BIOS mpya, nikabonyeza, nikasubiri taa yake ndogo izime bila kugusa kitu. Ikaleta picha!

Waya wa skrini chomeka kwenye kadi ya grafiki. 5600 haina grafiki ya ndani.

Kadi ni RX 6600, inakula kama wati 132 tu, hivyo pawa saplai ya wati 550 inatosha kabisa. Hapo sikubana matumizi, nilibana kwenye kasha. RAM nayo ilikuwa inakimbia kwa kasi ya 2133 mpaka nilipowasha XMP (mpangilio wa kwenye BIOS unaoiruhusu RAM ifikie kasi yake kamili), sasa ni 3200.