Mjadala: Nairobi ya zamani watu walihamishwa kwa sababu ya tauni ama kwa sababu ya ardhi?

Wadau, hii hoja imerudi tena, ati Wazungu waligawanya Nairobi kwa ajili ya afya tu, tauni ilikuwa inaua watu na hakukuwa na njia nyingine. Mimi nabisha.

Tauni ilikuwepo, hiyo sikatai. 1902 iliingia bazaa ya Wahindi, na bazaa ikachomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Lakini tauni inaletwa na viroboto wa panya, na panya anafuata nafaka na taka ambazo hazijazolewa. Sasa bazaa ile iliwekwa kwenye tambarare ya kinamasi, udongo ule mweusi wa kunata, ukichimba choo mvua ikinyesha shimo linajaa na uchafu wote unapanda juu, wakati kule mlimani walikokaa Wazungu udongo ni mwekundu na maji yanakwenda zake. Dawa ilikuwa mitaro na watu wa kuzoa taka. Badala yake 1913 akaletwa Profesa Simpson, mtaalamu wa afya ya jamii kutoka Uingereza, kuchunguza, na pendekezo lake likawa Wazungu, Wahindi na Waafrika kila mmoja atengewe eneo lake. Kwani panya anajua mpaka wa mtaa?

Haya, njooni upande wa Waafrika. Vijiji vya Waswahili kama Maskini na Kaburini vilionekana vichafu, miaka ya 1920 vikavunjwa watu wakasukumwa Pumwani, mtaa waliotengewa Waafrika. Huko manispaa ilitoa ploti na vyoo na bafu za pamoja, nyumba unajijengea mwenyewe ya miti na udongo, na ploti unailipia. Yaani mtu ameshalipa kodi ya kibanda, analipa na ploti, halafu mtoto akiharisha usiku mama ambebe gizani mpaka choo cha watu wote, na hiyo ndiyo mnaita huduma ya afya?

Najua mtu atanitajia hospitali ya wazazi ya Pumwani iliyoanza 1926. Imesaidia watu wengi mno, Mungu awabariki wakunga wake, lakini mama akishajifungua salama alikuwa anarudi na kichanga kwenye uchafu ule ule.

Na serikali ya Uingereza yenyewe iliandika, kwenye waraka wa 1923 wa Devonshire, waziri wao wa makoloni, kwamba kuwatenga Wazungu na Waasia si lazima kwa ajili ya afya, sheria za usafi na za ujenzi zikisimamiwa sawasawa zinatosha. Waafrika wao wakabaki na mtaa wao wa kutengwa vile vile.

Sasa wanaotetea nijibuni hili moja tu: kama 1923 walishajua usafi unatosha, mbona Pangani, kijiji kingine cha Waafrika hapo Nairobi, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wakapelekwa mtaa wa Shauri Moyo, badala ya kuchimbiwa mitaro na kuvutiwa bomba la maji pale pale walipokuwa?